Mtaalamu wa Kuosha Kompyuta

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hilo waulizwe ndugu zake, ambao wana wajibu wa kumpenda. Mimi sina wajibu huo. Nilifundisha naye shule moja hapa Songea kwa miaka mingi, mimi Historia, yeye Kompyuta, na miaka yote hiyo tumekaa mtaa mmoja Mjimwema, nyumba yake juu ya mteremko na yangu chini, kiasi kwamba maji ya mvua yakitoka kwake hayana pa kwenda ila uani kwangu. Shule nzima ilimwita Mtaalamu. Mtaa nao ukamwita Mtaalamu. Nadhani hata mkewe alimwita hivyo wakiwa wawili. Na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana kutomtaja jina ndiyo heshima pekee nitakayompa leo.

Niseme mapema alichonifanyia, asije akatokea mtu wa kunikatiza katikati akisema, lakini jamani, alikuwa mtu mwema. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa koo akapoteza sauti. Kabla ya upasuaji nilimrekodi akisimulia hadithi zake. Sauti ile ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, na mahali pengine popote duniani haikuwepo. Kompyuta ikapata apdeti, na baada ya apdeti ikapoteza waifai. Nikampelekea Mtaalamu airudishe waifai, naye akaifuta sauti ya mama. Haya, sasa tuendelee.

Chumba cha kompyuta pale shuleni kilikuwa ufalme wake. Udongo wetu mwekundu hauna simile, unapanda mpaka kwenye kola ya shati, kwa hiyo mlangoni kila mtu alivua viatu. Si wanafunzi tu. Mkuu wa shule alivua. Mkaguzi alivua, akaingia na soksi iliyotoboka kidole gumba, na Mtaalamu akaitazama ile soksi muda mrefu kana kwamba imebeba virusi. Ndani alivaa koti jeupe la maabara alilolipata sijui wapi, maana walimu wa Kemia wenyewe hawakuwa nalo. Kompyuta zote alizifunika vitambaa vya kufuma, vile vya kutandika kwenye makochi sebuleni, na kila kipindi kilianza kwa kuvikunja kimoja kimoja, taratibu, kwa adabu. Wanafunzi wakishapata kuona vioo, kengele inalia.

Kuandika kwa vidole vyote aliwafundisha vizuri, sitamdhulumu. Watoto waliopita mikononi mwake hadi leo wanachapa bila kutazama chini. Lakini ole wako uulize swali. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kumwuliza, waifai inapitaje kwenye ukuta wa tofali. Swali zuri, hata mimi nilitaka jibu lake. Mtaalamu akamtazama juu ya miwani, akamwambia, "Wewe unataka kuwa mhandisi au unataka kufaulu mtihani?" Darasa likacheka, binti akakaa. Hakuuliza tena, na sidhani kama mwingine aliuliza.

Ukimpelekea kompyuta mbovu, hakukuuliza ina nini. Alikuuliza, "Umegusa nini?" Mwalimu wa Jiografia, yake ilidondoka kwenye bodaboda ikapasuka kioo: "Umegusa nini?" Sista mmoja wa zahanati, yake ilipigwa na radi, radi ya mbinguni, mti wa jirani ukaungua: "Sista, umegusa nini?" Na Sista wa watu akaanza kufikiri, akakunja uso, akasema huenda aligusa kile kitufe cha pembeni. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ulikwenda kwake na tatizo ukarudi na hatia.

Baada ya swali hilo alifanya vitendo vyake. Aliigonga mgongoni kwa kidole. Aliinama akaweka sikio. Alipumua. Kisha akatoa hukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa moja tangu nimfahamu: "Sistimu imechoka. Tuioshe." Kuosha kwake maana yake ni kufuta kila kilichomo ndani ya kompyuta, picha, barua, kila kitu, kisha kuiwekea mfumo upya kutoka kwenye sidii moja aliyokuwa akiitunza ndani ya bahasha, ndani ya begi, ndani ya kabati. Herufi haziandiki, tuioshe. Haitoi sauti, tuioshe. Printa imeishiwa wino, nawaambia kweli, printa imeishiwa wino, akaiosha kompyuta. Na hakuosha mbele ya mtu. "Ilale kwangu," alisema, "kompyuta haitibiwi ndugu wakitazama." Kesho yake unaichukua ikiwa na picha ya ua waridi lenye matone ya maji, ambalo aliliweka kwenye kila kompyuta aliyoiosha. Ukiwasha ukaliona lile ua, ujue vitu vyako vimekwenda.

Sasa mtashangaa, watu hawakulalamika? Wapi! Walimshukuru. Mtu amepoteza picha za harusi yake, amepoteza maombi ya kazi, anatoka pale anachekelea: "Mtaalamu kiboko, imekuwa nyepesi, inawaka haraka!" Itaachaje kuwaka haraka na haina kitu? Nyumba ukitoa vitanda na masufuria inafagiliwa haraka pia. Lakini hapa kwetu mtu akivaa koti jeupe akapumua kwa uchungu, nani atamwuliza?

Na kubwa lililowafunga watu midomo ni kwamba hakuchukua malipo. Hapo ndipo ninapopata taabu naye. Mtaalamu alikuwa mkarimu kweli, si wa kujionyesha. Msiba ukitokea mtaani, wa kanisani au wa msikitini, yeye ndiye alifika wa kwanza na spika zake na waya begani, akafunga, akakaa hadi mazishi, akafungua, akaondoka bila kungoja pilau. Mama yangu alipolazwa, kila jioni alipita kuuliza hali, na viazi vitamu aliacha mlangoni. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Utamwambia, Mtaalamu, hujui kazi? Thubutu. Tulimnyamazia wote, naye akadhani ukimya wetu ni cheti.

Jambo lililomkera kuliko yote ni apdeti. Alizichukia kama deni, ingawa hakuwahi kueleza kwa nini. Sababu ya sisi wengine ilikuwa wazi, ni bando. Unanunua bando la wiki, kompyuta inaunganishwa kwenye simu dakika chache tu utume barua pepe, kumbe nyuma ya pazia inajishushia apdeti, ukigeuka bando limekwisha. Basi Songea nzima tulijifunza kuzizuia. Ujumbe ukitokea tunabonyeza "baadaye", ukirudi tunabonyeza "baadaye". Mtaalamu akaifanya hiyo kuwa sheria ya shule. "Apdeti ni mgeni asiyebisha hodi," alituambia kwenye kikao cha walimu, huku amesimama, mikono nyuma. "Msimfungulie." Na sisi wenye shahada zetu tukaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba asifunguliwe. Miaka ikapita, apdeti zikawa zinajipanga huko nje foleni.

Ndipo shule ikaletewa intaneti ya bure. Wafadhili walitoa ruta, kile kisanduku chenye vipembe cha kurusha waifai, ikafungwa ukutani, na siku ya kuizindua akaalikwa mgeni rasmi kutoka manispaa. Walimu tukaambiwa tuje na kompyuta zetu za nyumbani, tujaze viti, ionekane shule ina vifaa. Mimi nilikwenda na yangu kwa furaha, na furaha yangu haikuwa ya mgeni rasmi.

Nilikuwa na sauti ya mama. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba koo likikatwa sauti haitarudi. Mama hakulia. Aliniambia, "Basi washa hiyo simu yako, niseme wakati bado nasema." Kila jioni kabla ya kwenda hospitali aliketi kitandani na kanga yake mabegani, akasimulia hadithi zile alizotusimulia sisi utotoni, kwa Kingoni, akaimba na viitikio vyake. Humo ndani alicheka. Humo ndani alimgombeza mwanangu kwa kuchezea kibatari. Simu ilipojaa nikahamishia zote kwenye kompyuta. Alipotoka hospitali, ameshanyamaza, tukawa tunazicheza jioni, watoto wanasikiliza, na mama ameketi pale pale pembeni akiifuatisha hadithi yake mwenyewe kwa midomo. Ikifika pahala pa kuitikia, anawanyooshea wajukuu kidole, na wao wanaitikia.

Kaka yangu yuko Tunduru, na yeye hakuwahi kuzisikia. Kuzituma kwa bando ilikuwa haiwezekani, zilikuwa nzito. Kwa hiyo nilipanga, siku ya uzinduzi, intaneti ya bure, nitamtumia zote, zikae na kwake, roho yangu itulie. Msiniulize kwa nini sikunakili kwenye flashi. Flashi zote za shule zilikuwa na virusi, na aliyetupiga marufuku kuzichomeka popote ni yeye yeye Mtaalamu.

Siku ikafika, intaneti ikaunganishwa. Mgeni rasmi akakata utepe, akavua viatu, akaketishwa mbele ya kompyuta kubwa. Na zile apdeti zilizokuwa foleni miaka yote zikaona mlango umefunguliwa, zikaingia zote kwa mara moja, kwenye kila kompyuta iliyokuwemo ndani. Vioo vikageuka bluu kimoja baada ya kingine. Vikaandika, usizime kompyuta. Vikaanza kuzungusha vile vidoti. Mgeni rasmi akavitazama vidoti. Tukamletea soda. Akavitazama tena. Mtaalamu alisimama nyuma yake na koti lake jeupe, jasho linamtoka, anasema, "Inajipanga, mheshimiwa, inajipanga." Mheshimiwa alitoa hotuba yake mbele ya vidoti, akavaa viatu, akaondoka.

Kompyuta zilipowaka tena, zilikuwa nzima, kila kitu kipo, ila waifai hakuna. Pale chini ya kioo, mahali pa ile alama ya waifai, palikuwa na kidunia kidogo chenye alama ya katazo. Kwenye simu zetu intaneti inapatikana kama kawaida, kwenye kompyuta hamna. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza, kama simu zinapata na kompyuta hazipati, basi ruta haina kosa. Mtaalamu alipanda juu ya paa. Alipanda na ruta, akaifunga kwenye mti wa kuanikia nguo aliopanda nao, akageuza vipembe vyake upande wa Njombe, kwa hoja kwamba intaneti inatoka Dar es Salaam na Dar es Salaam inapitiwa Njombe. Wanafunzi walikuwa chini wanampigia makofi. Aliposhuka suruali imepasuka na waifai bado hakuna, akasema neno lake. "Sistimu zimechoka. Tuzioshe."

Nikamfuata pale pale. "Mtaalamu," nikamwambia, "yangu usioshe. Humo kuna sauti ya mama."

"Sauti ya mama?"

"Hadithi zake, kabla hajakatwa. Sina kwingine. Nataka waifai tu, nizitume kwa kaka."

Akanishika bega. "Mwalimu, mimi na mama yako ni watu wa mtaa mmoja. Nitafanya kitu hicho kweli? Ilale kwangu."

Ikalala kwake. Nilimwamini, kwa sababu viazi vyake nilivila, na kwa sababu hadi siku ile sikuwa nimejua kwamba mtu huyu hana ufundi wa pili. Nilidhani anaosha kwa kupenda. Kumbe ningempa siku kumi au mwaka, angezunguka kote na kurudi pale pale.

Kesho yake asubuhi nikapanda mteremko. Nikaikuta mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikakivuta, nikawasha, likatokea ua waridi.

Nilipiga kelele hata jirani akatoka na mwiko. Mtaalamu alisimama mlangoni na kikombe chake. "Mwalimu, ilikuwa na virusi," akasema. "Nilijaribu njia zote. Ilibidi."

"Njia zote zipi? Nitajie moja!"

Akaniuliza, "Lakini wewe kabla ya hapo, ulikuwa umegusa nini?"

Na kile kidunia chenye alama ya katazo? Kilikuwepo palepale chini ya lile ua. Waifai yenyewe haikurudi! Alikuwa ameiosha, akaona haikurudi, akaiosha tena, akaona haikurudi, akaiosha tena, usiku wote anaosha. Fundi wa mjini niliyempelekea baadaye kuomba afufue chochote alinirudishia akitikisa kichwa. Ingekuwa imefutwa mara moja, alisema, pengine. Lakini huyu mtu kaandika juu yake mara nyingi mno.

Nilimwambia mama siku ile ile ya ua waridi, niko jikoni, mgongo nimempa. Nilipogeuka, alikuwa ameshika koo lake kwa viganja viwili, hivi, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Kisha akaachia mikono, akachukua ungo, akaendelea kuchagua mchele. Jioni mwanangu mdogo, ambaye hakuwa ameelewa, alimletea bibi yake ile kompyuta mapajani. Mama aliifunga vizuri akamrudishia.

Tangu siku ile nilimdharau Mtaalamu, na sikuona sababu ya kuficha. Kwenye chumba cha walimu akikaa huku, nahamia kule. Salamu nilimpa, maana ni mkubwa kwangu, "shikamoo" fupi kama risiti, naye "marahaba mwanangu" ndefu, ya upole, iliyonizidishia hasira. Aliendelea kuosha. Shule nzima aliiosha muhula ule, na waifai haikurudi hata kwenye kompyuta moja, mpaka Mkuu akanunua waya mrefu wa kuziunganisha na ruta. Mtaani wakaendelea kumpelekea. Na mama yangu mwenyewe, ndiyo, mama yangu, wakikutana njiani alikuwa anampungia mkono.

Mimi nilikaa na simu yangu nikasoma. Sikusoma kwa kupenda elimu, nilisoma kwa uchungu, nikitaka kujua alipaswa kufanya nini. Na nikajua, na ningetamani ingekuwa kitu kigumu. Ndani ya kompyuta kuna kidude kinachokamata waifai, na kidude hicho kina programu yake ndogo ya kukiendesha, wanaiita draiva. Apdeti ilileta draiva mpya, na hiyo mpya haikuelewana na kompyuta zetu za zamani. Basi. Unafungua orodha ya vifaa, unakitafuta cha waifai, unabonyeza irudi draiva ya zamani, unasubiri kidogo. Hakifutwi kitu. Na ile sidii yake haikuwa na draiva ya waifai hata moja, ndiyo maana hata angeosha mara mia isingerudi. Chai ukiimimina kabla ya kuanza, unamaliza bado ya moto.

Mwaka huu amestaafu. Wamemuaga kwa sherehe, wamempa godoro na saa ya ukutani, na mgeni rasmi akasema ni hazina ya taifa. Mimi sikwenda.

Jumamosi moja asubuhi nafua uani, jirani yangu Mama Shakira akanipita akitoka dukani, amebeba sukari. Ni mjane, mumewe alifariki mwaka juzi, mtu wa Tunduru, muungwana sana. Nikamwuliza, wageni? Akasema, "Hapana, Mtaalamu yuko ndani. Kompyuta ya marehemu ilikuwa inajiapdeti jana, sasa waifai haishiki. Anasema sistimu imechoka."

Nililiacha beseni. Sikumbuki kama nilivaa ndara. Mama Shakira alikuwa ameniambia mara nyingi kuhusu picha za humo, picha zote za yule bwana, na za Shakira akiwa mgongoni kwake. Niliingia bila hodi. Mtaalamu ameketi mezani na koti jeupe, limekuwa la rangi ya maziwa ya zamani, na bahasha yake iko wazi, na ile sidii iko mkononi.

"Iweke chini," nikasema.

"Mwalimu, karibu. Umeamkaje?"

"Iweke chini hiyo sidii, Mtaalamu, la sivyo naivunja. Mbele ya Mama Shakira naivunja."

Mama Shakira akasimama na sukari yake mlangoni. "Kuna nini, jamani?"

"Anataka kukufutia mumeo," nikamwambia. "Kama alivyomfuta mama yangu."

Nilingoja anijie juu. Nilikuwa na maneno yangu, niliyapanga miaka. Yeye akaiweka sidii mezani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi kingine sijui."

"Hujui nini?"

"Kingine chochote. Walitupeleka semina, wiki moja. Tulifundishwa kuwasha, kuzima, kuchapa. Siku ya mwisho wakatuonyesha kuosha, tukapewa vyeti. Nikarudi, Mkuu akaniita Mtaalamu mbele ya shule nzima." Akaisogeza ile bahasha kando. "Ukishaitwa hivyo utamwuliza nani?"

Nilikuwa nimetamani aseme hivyo miaka yote, nimcheke. Sasa amesema, kicheko hakuna. Hasira ndiyo ilikuwepo, tena mpya. Wiki moja! Nikavuta kiti, nikamsukuma kando kwa kiwiko, nikaivuta ile kompyuta.

"Tazama," nikamwambia. "Tazama vizuri, maana sirudii."

Nikafungua orodha ya vifaa. Nikamwonyesha cha waifai. Nikabonyeza irudi ya zamani. Kioo kikazima kikawaka, Mama Shakira akataja jina la Mwenyezi Mungu, na pale chini kidunia kikaondoka, ikakaa alama ya waifai. Nikafungua na picha, azione. Marehemu akatokea amevaa kanzu, anacheka, na mtoto mgongoni. Mama Shakira akaweka sukari sakafuni akaanza kulia.

Mtaalamu hakuitazama picha. Alikuwa anaitazama ile alama.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Na ile ya kwako? Ile ya mama?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwema angemdanganya, angesema ile ilikuwa mbovu zaidi, ile ilikuwa na virusi. "Hivyo hivyo," nikamwambia. "Ilikuwa hivyo hivyo kabisa."

Kisha akauliza, "Mama yuko nyumbani?"

"Yuko."

Akainuka, akalivua koti, akaliacha kwenye kiti cha Mama Shakira pamoja na bahasha. Akatoka. Nikamfuata nyuma kwa sababu sikumwamini, hata dakika ile sikumwamini. Akashuka hadi uani kwangu, akalipita beseni langu. Mama alikuwa juani, ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Mtaalamu akasimama mbele yake, mikono mbele.

"Mama," akasema, "ile sauti yako, niliifuta bure. Haikuwa na haja. Sikujua kazi."

Mama alimtazama. Halafu akayakusanya maharage aliyokwisha kuchambua, akayasogeza kando, akapiga mkeka kwa kiganja pale palipobaki wazi. Mtaalamu akavua viatu, akaketi. Mama akamsukumia fungu la maharage, akarudi kwenye lake.

Wakawa wanachambua. Mama akainua uso akanionyesha kwa mkono, chai. Nikaenda kuchemsha, kwa sababu ni mama ndiye aliyeomba. Mimi nisingempa hata maji. Nikaweka vikombe viwili tu kwenye sinia, nikawapelekea, nikarudi kufua.